Daftari la Wiki: Kura za Alhamisi

Takriban kila Alhamisi ya mwaka, toka saa moja ya asubuhi hata saa nne ya usiku, hufunguliwa mahali fulani katika Uingereza ukumbi wa kanisa, au darasa la shule, au chumba cha maktaba, ikawekwa humo meza na sanduku la kura, wakaitwa watu wa kata moja kumchagua diwani wa kuziba nafasi ya mwenzake aliyefariki, au aliyejiuzulu, au aliyepoteza kiti kwa kuwa alikaa miezi sita mfululizo bila ya kuhudhuria kikao hata kimoja na bila ya idhini ya halmashauri. Magazeti makubwa ya London huupa uchaguzi mdogo wa namna hiyo mistari michache, na mara nyingi huunyima hata hiyo; walakini ifikapo Ijumaa asubuhi makatibu wa vyama vyote huwa wamekwisha kuzikokotoa kura zile chache, wakitafuta ndani yake habari za uchaguzi mkuu ambao yamkini uko mbali kwa miaka mitatu au minne.

Mimi huzifuata chaguzi hizi kwa heshima, nami naona kwamba zinadhulumiwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni dhuluma ya kata, ambayo imemtafuta mtu wa kuishughulikia barabara yake, maktaba yake na wazee wake, kisha ikaambiwa kuwa imetoa hukumu juu ya Waziri Mkuu. Ya pili ni dhuluma ya ukweli, maana matokeo ya kata moja hayatoshi kusema neno juu ya taifa mpaka yakusanywe pamoja na ya kata nyingine nyingi, kwa subira, na mtu asiyekuwa na haja ya kusifu wala kulaumu.

* * *

Sheria ya jambo hili ni nyepesi, tena ina insafu. Katika England na Wales nafasi ikitangazwa kuwa wazi, wapiga kura wawili tu wa halmashauri hiyo wakiandika kudai uchaguzi, ni lazima ufanyike katika muda wa siku 35 za kazi. Isipokuwa kama uchaguzi wa kawaida wa kiti hicho uko karibu, chini ya miezi sita, hapo kiti huachwa wazi hata siku yake. Mgombea ubunge huweka dhamana ya pauni 500, naye huipoteza asipopata moja katika ishirini ya kura. Mgombea udiwani haweki hata senti, na siku hizi sahihi za wapiga kura wawili zinatosha kumsimamisha. Kwa hiyo kinyozi, mwalimu mstaafu, mama mwenye watoto wadogo na kijana aliyetoka chuoni mwaka jana wote wanaweza kusimama sawasawa na mtu wa chama kikubwa, na ndivyo inavyotukia. Katika Ireland ya Kaskazini, kinyume cha hayo, chama kilichopoteza diwani humteua mwingine na kura hazipigwi. Nami sioni kwamba watu wa huko wamepata faida kwa kuepushwa na usumbufu.

Wanaojitokeza ni wachache. Mara nyingi ni robo ya walioandikwa, mara nyingine hawafiki hata hiyo robo, hasa ikiwa ni mwezi wa baridi na giza limeingia saa kumi ya jioni. Maadamu kata nzima ina wapiga kura elfu kadhaa tu, mshindi anaweza kuingia katika ukumbi wa halmashauri kwa kura mia sita au mia saba, na tofauti yake na aliyemfuatia ikawa idadi ya watu wanaoenea katika basi moja. Tena wengi katika hao wamepiga kura zao kwa posta juma moja au mawili kabla ya siku yenyewe, hata chama kisichobisha milango mapema hukuta kazi imekwisha kufanywa na wengine.

Na kura zikilingana? Msimamizi huamua kwa kura ya bahati. Mwaka 2017, katika uchaguzi wa kawaida wa Northumberland, wagombea wawili wa South Blyth walifungana baada ya kuhesabiwa tena na tena, wakavuta vijiti. Kijiti kirefu kikamwangukia mtu wa Liberal Democrats, na kwa kijiti hicho Conservative wakakosa kiti kimoja cha kuwapa wingi katika halmashauri nzima.

* * *

Mwenye kutaka kuamini kwamba kila kata hufuata upepo wa taifa na ausome mkasa wa North Evington, mashariki ya mji wa Leicester.

Leicester si mji mgeni kwetu. Mwaka 1972, Idi Amin alipokwisha kutoa amri ya kuwafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji huo ilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasifike huko, kwa hoja kwamba nyumba zimejaa na shule zimejaa. Walifika. Walijiunga na ndugu zao waliotangulia kutoka Kenya, wakafungua maduka na viwanda vidogo, na mpaka leo wako wazee katika mitaa ile ambao Kiswahili cha Kampala, Kisumu na Mombasa hakijawatoka ulimini. Kwa miaka mingi mitaa hiyo iliipa Labour kura zake kana kwamba ni ada ya lazima. Katika uchaguzi wa mwaka 2019 Labour ilitwaa viti 53 kati ya 54 vya halmashauri.

Kisha, katika Agosti na Septemba ya 2022, vikazuka vitimbi baina ya vijana wa Kihindu na vijana wa Kiislamu katika mashariki ya mji, polisi wakakusanywa kutoka mikoa ya jirani, na uhusiano uliojengwa kwa nusu karne ukatiwa ufa. Katikati ya mazito hayo ukaja uchaguzi mdogo wa North Evington, tarehe 13 Oktoba 2022. Msomaji na akumbuke hali ya nchi siku hiyo: serikali ya Conservative ya Liz Truss ilikuwa imetoa bajeti iliyotikisa soko la fedha, pauni imeshuka, riba za mikopo ya nyumba zimepanda, na kesho yake, tarehe 14, Waziri wa Fedha Kwasi Kwarteng aliondolewa kazini, naye Truss mwenyewe akatangaza kujiuzulu siku sita baada ya hapo. Ni shida kuikumbuka siku ambayo chama tawala kilikuwa hoi zaidi ya siku ile. Na siku hiyo hiyo Conservative wakakinyakua kiti cha North Evington kutoka kwa Labour, kura za Labour zikiporomoka kwa kishindo.

Aliyetazama ramani ya taifa hakuweza kulifasiri jambo hilo. Aliyejua mitaa ile, nani aliyeonekana kuwasikiliza wenyeji baada ya fujo na nani aliyeonekana kuwapa kisogo, hakuona muujiza. Mwezi wa Mei 2023, Labour ilipokuwa ikisonga mbele karibu England nzima, katika Leicester ilirudi nyuma: ilikuwa imewanyima madiwani wake wengi nafasi ya kugombea tena, na Conservative, ambao miaka minne kabla hawakupata kiti, wakapata 17. Na Julai 2024, usiku ambao Conservative walipata kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia yao, jimbo moja tu la bunge katika nchi nzima walilitwaa kutoka kwa chama kingine, nalo ni Leicester East, ambako wabunge wawili wa zamani waliokuwa wa Labour walisimama nje ya chama wakazigawa kura zake. Njia ya kufikia matokeo hayo ilianza kuonekana katika kata moja, usiku mmoja wa Alhamisi, na wengi katika waliokuwa na wajibu wa kuitazama hawakuitazama.

* * *

Maneno machache juu ya karatasi.

Chama cha zamani cha Liberal kilikuwa katika miaka ya 1950 kimebakiwa na wabunge wanaohesabika kwa vidole. Kilichokirudishia uhai, pamoja na mengine, ni ada iliyoenezwa na watu wa Liverpool katika miaka ya 1960, akina Cyril Carr na Trevor Jones, ya kuchapa kikaratasi kidogo kiitwacho Focus na kukitia katika tundu la barua la kila mlango, mwaka mzima, pawe na uchaguzi au pasiwe: taa ya mtaa gani imezimika, ni nani aliyeandika barua kuidai, na halmashauri imejibu nini. Mkutano wa chama hicho katika Eastbourne mwaka 1970 uliifanya kazi hiyo ya mitaani kuwa siasa rasmi ya chama, na mwaka 1973 Liberal wakawa chama kikubwa kuliko vyote katika halmashauri ya Liverpool. Warithi wao, Liberal Democrats, hata leo huanza hivyo: hushinda kata katika uchaguzi mdogo, humtunza diwani huyo, huongeza wa pili na wa tatu, na baada ya miaka kumi au kumi na tano huomba ubunge kwa watu ambao wamekwisha kuwazoea. Mwaka 2024 walipata wabunge 72 kwa kura zisizozidi sana asilimia 12 ya kura zote, kwa sababu kura hizo zilikaa mahali pale walipokuwa wamelima kwa muda mrefu.

Naisifu kazi hiyo bila ya kusita. Inachosha miguu, haina fahari, na mtu akiifanya kwa uaminifu huijua nchi yake kuliko ajuavyo mwandishi wa hotuba.

* * *

Ila mlango huo mdogo haumkatazi mtu yeyote kuingia, na mwenye nia mbaya huuona upesi.

Septemba 1993, katika kata ya Millwall, upande wa mashariki wa London, pale ambapo gati za zamani zilikuwa zimefungwa na majumba marefu ya Canary Wharf yakainuka juu ya vibanda vya watu waliopoteza kazi, British National Party, chama kilichosimamia ubaguzi wa rangi waziwazi, kilishinda uchaguzi mdogo kwa kura saba. Nyumba za halmashauri zilikuwa chache, na wenyeji weupe walikuwa wameaminishwa kwamba Wabengali wanapewa wao kwanza. Kura saba ziliwatia hofu watu weusi na Waasia katika mji mzima. Lakini kilichofuata ndicho ninachotaka kikumbukwe: katika uchaguzi wa kawaida wa Mei 1994 diwani huyo alipata kura nyingi kuliko alizopata mara ya kwanza, na juu ya hayo akakosa kiti, kwa kuwa waliobaki nyumbani mwezi wa Septemba safari hii walitoka. Hakuna aliyemshinda kwa kumbadilisha mawazo mfuasi wake hata mmoja. Alishindwa na wingi wa waliohudhuria.

Somo hilo halikukaa vizuri vichwani. Mwaka 2004 chama hicho hicho kilishinda uchaguzi mdogo wa kata ya Goresbrook, katika Barking na Dagenham, vyama vingine vikasema ni ajali. Mwaka 2006 kikapata viti 12 katika halmashauri hiyo. Ndipo kazi ya kubisha milango ikafanywa kwa dhati, mtaa baada ya mtaa, na mwaka 2010 viti vyote 51 vikaenda kwa Labour, BNP wasibakiwe hata na kimoja.

* * *

Sasa tuje katika hesabu, mintarafu ya wale wanaozitumia kura hizi kubashiri.

Maprofesa wawili waliokuwa wa chuo kikuu cha Plymouth, Colin Rallings na Michael Thrasher, wametumia umri wao wa kazi kukusanya matokeo ya halmashauri, na hutoa kwayo kadirio la jinsi kura zingalivyogawanyika kama nchi nzima ingalipiga kura siku hiyo. Wataalamu wa BBC, akiwamo John Curtice, hutoa kadirio lao la namna hiyo baada ya chaguzi za Mei. Hao husema kwa hadhari, wakikusanya kata nyingi na kulinganisha kila moja na hali yake ya kabla. Wasio na hadhari ni makatibu wa vyama, ambao hutangaza kuwa wamepanda kwa asilimia 20 mahali ambapo mara iliyopita hawakuweka mgombea kabisa, au kuwa mpinzani wao ameporomoka mahali ambapo aliyependwa ni marehemu na wala si chama chake.

Scotland ina mtego wa peke yake. Tangu mwaka 2007 kata nyingi za huko huchagua madiwani watatu au wanne kwa pamoja, mpiga kura akiwapanga wagombea kwa namba, ili vyama vipate viti kwa kadiri ya nguvu zao. Chukua kata yenye wawili wa SNP, chama cha kitaifa cha Scotland, mmoja wa Labour na mmoja wa Conservative. Yule wa Conservative akifariki, kiti chake kimoja hushindaniwa na kata nzima, na SNP, ambao ndio wengi toka mwanzo, wana nafasi kubwa ya kukitwaa ijapokuwa hakuna mtu hata mmoja aliyebadilisha nia yake. Kesho yake itaandikwa kwamba SNP wamewanyang'anya Conservative kiti. Habari hiyo ni sahihi kwa maneno yake na ni potofu kwa maana yake, na mwandishi mwenye kuwatakia wasomaji wake mema angeongeza sentensi moja ya kueleza.

* * *

Hata hivyo ulipo mkusanyiko, lipo neno. Julai 2024 Labour ilipata viti 411 vya bunge kwa asilimia 34 hivi za kura, ushindi mpana wenye msingi mwembamba. Madiwani wengi walikuwa wamechaguliwa kuwa wabunge, wakaacha viti vyao vya kata, na kwa hiyo vuli ya mwaka huo ilijaa chaguzi ndogo katika ngome za Labour zenyewe. Juma baada ya juma ngome hizo zikapungukiwa: hapa na Conservative, pale na Liberal Democrats au chama cha Kijani au mgombea asiye na chama, na kadiri majira ya baridi yalivyoendelea, na Reform UK ya Nigel Farage. Wako waliosema kwamba ni kura chache, tena za watu wenye hasira ya kitambo. Mei 2025 ikafika, na Reform UK wakapata viti 677 vya udiwani na halmashauri 10. Kadirio la BBC likawapa asilimia 30, Labour 20, Liberal Democrats 17, Conservative 15 na Kijani 11. Vyama vilivyotawala nchi kwa zamu kwa karne nzima havikufikisha pamoja hata asilimia 40.

Nchi iliyogawanyika katika mafungu matano, ambayo bado humpa kiti mwenye kura nyingi hata kama kura hizo hazifiki theluthi, itakuwa na madiwani wengi waliokataliwa na wengi wa watu wao. Naona hilo ni kosa la utaratibu wala si la wapiga kura, na Scotland imekwisha kuonyesha, pamoja na ule mtego wake, kwamba liko linaloweza kufanywa.

Na haki itendeke kwa walioangushwa pia. Halmashauri zimebebeshwa na sheria mzigo wa kuwatunza wazee na watoto wasio na walezi, na mzigo huo hula fungu kubwa la fedha kabla hata shimo moja la barabara halijazibwa. Birmingham, mojawapo ya halmashauri kubwa kuliko zote za Ulaya, ilitoa Septemba 2023 hati rasmi ya kukiri kwamba haiwezi kusawazisha matumizi na mapato yake. Diwani anayepokea posho ndogo na kulaumiwa kwa maktaba iliyofungwa, mara nyingi alikwisha kufungwa mikono yeye kwanza.

* * *

Neno la mwisho juma hili nalielekeza kwa wasomaji wetu walioko huko, nao si wachache.

Raia wa Jumuiya ya Madola akaaye Uingereza kwa kibali halali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, wala hangoji kupewa uraia. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wote wamo. Ndugu zetu wa Kongo, wa Burundi na wa Oman hawamo katika Jumuiya hiyo, na katika England watangoja uraia. Lakini Scotland na Wales zimewafungulia mlango wa kura za halmashauri wageni wote wenye kibali cha kukaa, hata Mkongo wa Glasgow anaweza kumchagua diwani wake ilhali nduguye wa Manchester hawezi. Huko Scotland na Wales umri wa kura hiyo ni miaka 16. England bado ni 18. Tangu Mei 2023 mpiga kura wa England huombwa kituoni kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola hukubaliwa. Asiyekuwa na kitambulisho hupewa hati maalumu bila ya malipo, akiiomba mapema. Kujiandikisha ni lazima kuwe angalau siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi.

Nimewasikia wengi wakisema kwamba mambo ya kule si yao na kwamba wao ni wapita njia, kisha nikawaona wakilipa kodi ya halmashauri kila mwezi, watoto wao wakisoma katika shule za halmashauri, na mama zao wazee wakihudumiwa na watumishi wake. Basi nawasihi: ikitiwa karatasi ya uchaguzi mdogo katika tundu la mlango wako, isome, uulize ni nani anayegombea na amefanya nini katika mtaa huo, na Alhamisi hiyo, kabla ya saa nne ya usiku, uende ukapige kura yako.